Mpanda farasi anayesubiri majibu ya ugonjwa wa kudumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mpanda farasi aliyeambiwa "huenda ni ugonjwa wa kudumu" na bado hajapewa jina la ugonjwa wenyewe. Hauchukui nafasi ya daktari. Unakusaidia kufika kwake ukiwa na la kumweleza, na kuishi na farasi wako kwa usalama hadi majibu yatoke. Kama jina la ugonjwa unalo tayari, anzia swali la 16.

## Dalili na daktari

1. Nitajuaje kama haya ni maumivu ya kawaida ya mpanda farasi au ni kitu kingine?

Kila anayepanda farasi ana mahali panapomuuma: mgongo, nyonga, goti lililowahi kugonga kiunzi, bega lililoangukiwa miaka iliyopita. Tatizo linaanzia hapo. Mtu mwenye historia ya kuanguka ana sababu tayari ya kila dalili mpya, na sababu hiyo humzuia kwenda hospitali kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka.

Maumivu ya kuumia yana tabia yake. Unaijua siku yalipoanza, yamekaa mahali pamoja, na ukipumzika yanapungua. Yanayohitaji uchunguzi huwa na tabia nyingine: vidole vya mikono yote miwili kukakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa; mgongo unaokuamsha usiku wa manane kisha unatulia ukianza kutembea; ganzi inayokaa siku kadhaa, ikaondoka, ikarudi mahali pengine; uchovu usioondolewa na usingizi. Juu ya tandiko, dalili hizo huonekana kama mguu unaotoka kwenye kikuku (pale pa kukanyagia kando ya tandiko) bila wewe kuhisi, au hatamu zinazoteleza huku ukiamini umezishika.

Sikiliza pia watu wanaokutazama. Mwalimu akikwambia "siku hizi unainamia kulia", au saisi, mtunza farasi, akiuliza mbona unapanda kwa shida, wameona kitu ambacho wewe umeshakizoea. Kiandike na umpelekee daktari.

2. Nimwambie daktari kwamba ninapanda farasi? Naogopa atanikataza.

Mwambie, na umweleze kwa kina. Ukisema "nafanya mazoezi kidogo" atafikiria matembezi ya jioni. Mweleze unapanda siku ngapi kwa wiki, kama unaruka viunzi, ndoo na magunia unayobeba, na mara ya mwisho ulipoangukia kichwa. Daktari asiyejua haya anaweza kukuandikia dawa ya usingizi utakayoimeza asubuhi ya kupanda, au akakosa kabisa kufikiria jeraha la zamani la shingo.

Kuna jambo jingine wapanda farasi wengi hawalijui. Vipimo vya nguvu vya chumba cha daktari vimewekwa kwa mtu wa kawaida. Aliyekuwa akiinua gunia la kilo 20 na sasa anashindwa la kilo 10 bado anaweza kusukuma mkono wa daktari vizuri na kuandikiwa kwamba yuko sawa. Kwa hiyo jipime na ulivyokuwa mwaka jana, useme wazi: "Nilikuwa naweza hili, sasa siwezi."

Akikukataza, usinyamaze wala usiondoke na hasira. Muulize anahofia nini hasa: kuanguka, kuzimia, au viungo kuharibika zaidi? Kila hofu kati ya hizo ina jibu lake, na mara nyingi "usipande" hugeuka kuwa "usiruke viunzi kwa sasa" au "usipande peke yako". Tumefundishwa tangu utotoni kuanguka, kunyanyuka na kurudi juu bila kulia. Tabia hiyo inafaa uwanjani, lakini mbele ya daktari inadhuru. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

3. Niweke kumbukumbu gani kabla ya miadi?

Mistari michache kwa siku inatosha: dalili ipi, saa ngapi, ilidumu muda gani, ulikuwa umefanya nini siku hiyo na siku iliyotangulia. Hiyo siku iliyotangulia ina uzito wake, kwani baadhi ya magonjwa hukulipisha kesho yake au keshokutwa. Viungo vikivimba, piga picha siku hiyohiyo. Siku ya miadi huenda visiwe vimevimba. Video fupi ukipanda, iliyochukuliwa kutoka nyuma, inaonyesha kuinama upande mmoja vizuri kuliko maelezo yoyote.

4. Kipimo cha damu kimetoka chanya. Basi ninao ugonjwa?

Si lazima. Kipimo cha ANA, kinachotumika kutafuta lupasi (ugonjwa ambapo kinga hushambulia mwili wenyewe), hutoka chanya kwa watu wengi wazima wasio na ugonjwa wowote. Rheumatoidi fakta, kinachohusishwa na baridi yabisi, kinaweza kuwa chanya kwa mwenye maambukizi mengine au kwa mtu mwenye umri mkubwa. Chembe ya urithi ya HLA-B27, inayotazamwa mgongo unapokakamaa, wanayo watu wengi ambao hawataugua kamwe.

Kinyume chake pia ni kweli. Kuna watu wenye baridi yabisi ambao damu yao haionyeshi alama hizo. Aina ya Ehlers-Danlos (ugonjwa wa tishu zinazoshikilia mwili) inayolegeza viungo haina kipimo cha damu wala cha vinasaba hadi leo. Hutambuliwa kwa kumkagua mtu na kusikiliza historia yake. Ndiyo maana daftari la swali la 3 lina uzito sawa na karatasi ya maabara.

5. Mbona inachukua muda mrefu hivi?

Kwa sababu baadhi ya magonjwa haya hutambuliwa kwa mwenendo wake kadiri muda unavyopita. Ugonjwa wa MS, ambapo kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, ni mfano mzuri. Daktari hutafuta ushahidi kwamba mashambulizi yametokea sehemu zaidi ya moja na nyakati zaidi ya moja. Hutumia MRI (picha za ndani ya mwili), wakati mwingine huchukua maji ya uti wa mgongo, na wakati mwingine hulazimika kusubiri na kurudia picha. Mengine, kama upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, yanaweza kuiga uchovu na ganzi za magonjwa makubwa na yana tiba, kwa hiyo lazima yaondolewe kwanza.

Kusubiri hakupaswi kuwa kimya. Uliza kabla hujatoka: hatua inayofuata ni ipi, inafanyika lini, na nimpigie nani hali ikibadilika?

6. Je, ugonjwa unaweza kuwa umetoka kwa farasi au bandani?

Wakati mwingine, na daktari wa mjini huenda asiulize. Kupe wa malishoni na vichakani wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme katika maeneo wanakopatikana. Dalili zake ni wekundu unaotanuka kwenye ngozi, uchovu, homa, na baadaye viungo kuvimba, hasa goti. Unatibika kwa antibayotiki, kwa hiyo taja kama umewahi kumng'oa kupe mwilini.

Nyasi kavu zenye ukungu huharibu mapafu ya binadamu kama zinavyoharibu ya farasi. Kukohoa, kubanwa kifua na homa saa chache baada ya kuzipakua nyasi, dalili zikipungua unapokuwa mbali na banda, ni picha ya mapafu yanayokataa vumbi hilo. Tatizo hilo likiachwa miaka mingi linaacha makovu. Pumu nayo huchochewa na vumbi hilohilo. Kulowesha nyasi, kuvaa barakoa na kuacha hewa ipite bandani huwasaidia nyote wawili.

7. Dalili zipi hazisubiri miadi?

Nenda hospitali leo ukiona mojawapo ya hizi: ganzi katikati ya mapaja, sehemu inayokaa juu ya tandiko, pamoja na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa; uso kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama ghafla; jicho kupoteza uwezo wa kuona ndani ya saa au siku chache; degedege la kwanza maishani; kuzimia ukiwa katikati ya mazoezi; udhaifu wa miguu unaopanda juu kila siku.

Ile ya kwanza naikazia kwa sababu wapanda farasi huipuuza wakidhani ni tandiko baya. Neva za mwisho wa uti wa mgongo zikibanwa, kila saa ina uzito.

## Kupanda wakati unasubiri

8. Niache kupanda kabisa mpaka majibu yatoke?

Kuna hali mbili ambazo jibu langu ni ndiyo bila kusita: unapozimia au kupata degedege bila sababu kujulikana, na daktari anaposhuku kwamba shingo au uti wa mgongo hauko imara. Hapo kosa moja halirekebishiki.

Nje ya hapo, wengi wanaweza kuendelea kwa kiwango kilichopunguzwa, baada ya kuzungumza na daktari. Kuacha kila kitu kuna gharama yake pia. Misuli inayokushikilia hupungua upesi, viungo vilivyokakamaa huzidi kukakamaa, na usingizi na moyo wako hudhoofika. Kupunguza kunamaanisha farasi mtulivu unayemjua, uwanja wenye uzio, muda mfupi, mtu wa pili karibu, na mwendo ambao mwili wa siku hiyo unaumudu. Kwa wengi hiyo ni hatua ya kawaida na telki kidogo, ule mwendo wa kudundadunda. Shoti na viunzi vinasubiri.

Ushauri wangu ni kutofanya uamuzi wowote wa kudumu katika kipindi hiki. Kuamua kuacha milele na kuapa kwamba hakuna kitakachokuzuia, yote mawili ni mapema mno kwa mtu asiyejua anaugua nini.

9. Siku gani nisikanyage kikuku hata kama nimeshavaa buti?

Siku ambayo huoni vizuri au unaona viwili viwili. Siku ambayo huhisi nyayo, au mkono hauwezi kufunga vifungo vyako mwenyewe. Siku uliyobadilishiwa dawa au kipimo chake, mpaka ujue inakufanyaje. Siku yenye kizunguzungu. Siku ya homa.

Jipime ukiwa chini: simama kwa mguu mmoja, kisha mwingine, ukishika ukuta; funga na ufungue kifungo cha mkanda wa kofia ngumu; geuza kichwa kushoto na kulia. Usichoweza ardhini hutakiweza juu ya mnyama wa kilo 500 anayetembea. Siku kama hiyo mpige brashi, mwongoze kwa kamba, au mfundishe kazi za chini. Farasi hapotezi chochote.

10. Ni vifaa gani vinasaidia kweli?

Cha kwanza ni kipandio imara na kirefu, cha kusimamia unapompanda farasi. Kinapunguza nguvu unayohitaji na kinauepusha mgongo wa farasi na mvuto wa upande mmoja. Kitumie kushukia pia. Watu wenye magoti na vifundo vibovu huumia zaidi wakishuka kuliko wakipanda.

Kwa miguu isiyohisi vizuri, chagua vikuku vinavyofunguka mguu ukinasa, au vyenye kizuizi mbele kinachozuia mguu usipenye. Buti liwe na kisigino. Mguu kunasa ndiyo ajali ya kuogopa kuliko kuanguka kwenyewe. Kwa mikono dhaifu kuna hatamu zenye vishikio vya vitanzi au zilizofunikwa mpira, na mkanda wa shingoni mwa farasi wa kushika badala ya kumvuta mdomo. Kofia ngumu iwe ya viwango vinavyotambuliwa, na ibadilishwe baada ya kila pigo hata kama haionyeshi ufa. Ukivaa fulana ya hewa, inayojaa upepo kamba yake ikivutwa na anguko, jizoeze kuifungua kamba yake kabla ya kushuka.

Kitu kimoja usikifanye: usijifunge kwenye tandiko kwa mkanda au kamba ya kujitengenezea. Farasi akianguka lazima utengane naye.

11. Farasi wangu anajua kuna kitu?

Anajua kwamba mgongoni kwake uzito umehama. Ukikaa zaidi upande mmoja, atafidia kwa kuubana mgongo au kukataa kugeukia upande fulani. Wamiliki wengi humwita daktari wa mifugo na fundi wa tandiko kabla ya kugundua kwamba chanzo kimekaa juu. Mwombe mtu mwingine ampande kwa muda. Akinyooka chini ya mwingine, una taarifa muhimu kuhusu mwili wako.

Habari njema ni kwamba farasi hujifunza ishara mpya. Anayekosa nguvu za miguu anaweza kutumia fimbo ndefu laini mahali pa mguu, na sauti kwa kubadilisha mwendo. Inahitaji wiki za subira na kurudia ishara ileile kila mara.

12. Nikianguka katika kipindi hiki?

Usiharakishe kunyanyuka. Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, pigo lolote la kichwani ni safari ya hospitali, hata kama unajisikia mzima, kwa sababu damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Aliyetumia steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na kinga) kwa miezi mingi ana mifupa dhaifu kuliko anavyodhani, na mwenye uti wa mgongo uliokakamaa anaweza kuvunjika kwa anguko ambalo mwenzake angejipangusa vumbi na kuendelea. Waambie waliopo kuhusu dawa zako kabla ya siku hiyo. Karatasi ndogo ndani ya mfuko wa koti, yenye majina ya dawa na namba ya ndugu, inatosha.

## Bandani na watu

13. Kupanda naweza, ila kazi za banda zinanimaliza. Ni kawaida?

Ni kawaida sana, na ndilo jambo linalosahaulika. Ndoo ya lita 10 ni kilo 10 mkononi, na farasi mmoja hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku. Chakula chake cha kawaida ni asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake. Kwa farasi wa kilo 500 hizo ni kilo 7.5 hadi 10 za chakula kikavu. Ongeza samadi, matandazo na tandiko lenyewe. Wengi wenye viungo vinavyouma hugundua kwamba nusu saa ya kupanda ni nafuu kuliko toroli moja la samadi.

Kwa hiyo punguza mzigo kabla hujapunguza kupanda. Tumia mpira wa maji badala ya ndoo, jaza toroli nusu, gawa nyasi kwenye nyavu ndogo, weka tandiko kwenye kiwango cha kiuno. Gawa kazi na mapumziko kabla hujachoka. Ukisubiri mwili ukatae umechelewa. Kama unaweza kulipa saisi kwa kazi nzito au kubadilishana zamu na mwenzako, fanya hivyo. Na hata uchoke vipi, usikae chini kando ya miguu ya farasi. Inama au tumia kiti kirefu unachoweza kukiacha upesi.

14. Nani anapaswa kujua?

Mtu mmoja bandani lazima ajue dalili zako na la kufanya. Mwalimu ajue, maana bila hivyo atakusukuma siku usiyopaswa kusukumwa. Bima yako, ya farasi na ya mwili, ina masharti kuhusu kutoa taarifa; yasome kabla ya kuandika chochote, na usidanganye. Nchi nyingi pia zinamtaka mwenye kifafa, au ugonjwa unaoathiri macho na fahamu, kuiarifu mamlaka ya leseni za udereva. Hilo linakuhusu sana ukiwa unavuta trela la farasi barabarani.

Wengine wote ni hiari yako. Una haki ya kusema "nafanyiwa vipimo" na kuishia hapo.

15. Nimuuze farasi wangu?

Hapana, si kabla ya jina la ugonjwa na si kabla ya kuona dawa zinafanya nini. Baridi yabisi inayotibiwa mapema ni ugonjwa tofauti kabisa na ile iliyoachwa, na anayeuza katika mwezi mbaya kuliko yote huuza kwa bei ya chini na kwa mtu asiyemchagua.

Kuna njia za kati: kumkodisha farasi kwa muda kwa mkataba ulioandikwa, kumshirikisha mpandaji mwingine siku kadhaa za wiki, au kumpumzisha malishoni. Kama farasi mwenyewe ni mkali au mchanga mno kwa mwili ulio nao sasa, hilo ni jambo jingine. Kumtafutia mtu anayemfaa wewe ukachukua mtulivu ni uamuzi wa heshima kwake na kwako. Na andika leo nani atamtunza ukilazwa ghafla.

## Jina la ugonjwa likishapatikana

16. Kila ugonjwa unabadilisha nini juu ya tandiko?

MS: joto hupandisha dalili kwa muda, ikiwemo kuona ukungu, kisha hutulia mwili ukipoa. Panda alfajiri au jioni, vaa fulana ya kupoza, fupisha kipindi.

Baridi yabisi: mikono na vifundo ndivyo vinavyolalamika, na asubuhi ndiyo saa mbaya. Panga kupanda mchana. Ugonjwa ukiwa umewaka, pumzisha kiungo kilichovimba.

Mgongo unaokakamaa kwa uvimbe: mwendo ni sehemu ya tiba, lakini tazama onyo la swali la 12 na uulize picha zinaonyesha nini kabla ya kuruka viunzi.

Viungo vinavyolegea: hatari ni kufika mbali kupita kiasi. Mtaalamu wa fiziotherapia anayeelewa hali hii atakufundisha kushikilia nyonga na mabega. Kujinyoosha zaidi hakukusaidii.

Lupasi: jua lenyewe linaweza kuamsha ugonjwa. Mikono mirefu, krimu ya jua, uwanja wenye kivuli.

Kisukari cha aina ya kwanza: pima sukari kabla ya kupanda na baadaye. Msisimko wa mashindano unaweza kuipandisha, kazi ya banda ikaishusha saa kadhaa mbele. Beba sukari mfukoni mwako na si kwenye mfuko wa tandiko, kwa sababu farasi akikuacha ataondoka nayo. Ikishuka, shuka pia: gramu 15 za sukari ya haraka, pima tena baada ya dakika 15.

Kifafa: ni daktari wako anayeamua muda wa kukaa bila degedege kabla ya kurudi. Baada ya hapo usipande peke yako, na epuka barabara na viunzi mpaka muda mrefu upite.

Ugonjwa wa uchovu sugu unaozidi baada ya kujitahidi: hapa usijikaze. Malipo huja siku moja au mbili baadaye, na kujisukuma kunaweza kukurudisha nyuma kwa wiki nyingi.

17. Dawa zangu zinashusha kinga. Bado niingie bandani?

Wengi wanaingia, kwa tahadhari. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati. Chanjo zenye vimelea hai huenda zisikufae, kwa hiyo uliza kabla. Vaa glavu na barakoa unapozoa samadi na kukung'uta nyasi. Osha kila mkwaruzo siku hiyohiyo. Mabaka ya fangasi ya farasi huambukiza binadamu, na mwana-farasi mwenye nimonia ni wa kuangaliwa na mtu mwingine. Homa kwa mtu wa dawa hizi hailaliwi. Piga simu hospitali. Na steroidi za muda mrefu haziachwi ghafla, hata ukijisikia umepona, kwa sababu mwili unakuwa umepunguza kutengeneza za kwake.

18. Nashindana. Dawa zitaniletea shida?

Zinaweza. Katika orodha ya shirika la kimataifa la kupambana na dawa michezoni, WADA, steroidi za kumeza na za sindano zimekatazwa wakati wa mashindano, insulini imekatazwa wakati wote, na tramadoli, dawa ya maumivu, imekatazwa wakati wa mashindano tangu Januari 2024. Kwa mgonjwa wa kweli kipo kibali cha matumizi ya kitiba, lakini huombwa kwa nyaraka za daktari na mapema.

Kuna mtego wa pili ambao wengi hawaufikirii: farasi naye hupimwa. Kidonge kilichodondoka kwenye pipa la chakula, krimu iliyo mikononi unapomlisha, au mpandaji kukojoa ndani ya banda vinaweza kuacha dawa yako katika damu ya farasi. Meza dawa mbali na banda, nawa, tumia choo.

19. Naweza kuingia mashindano ya walemavu?

Dresaji (mashindano ya farasi kufanya miondoko iliyopangwa) ya walemavu imo katika Paralimpiki tangu Atlanta mwaka 1996. Ina madaraja matano. La kwanza ni la wenye ulemavu mkubwa zaidi, na majaribio yake hufanywa kwa hatua ya kawaida tu. Kinachotazamwa ni upungufu wa kudumu unaopimika, kama wa nguvu za misuli, mwendo wa viungo, uratibu au uoni. MS inaweza kuingia ikiwa imeacha upungufu kama huo. Maumivu, uchovu na ulegevu wa viungo pekee havihesabiwi, hata kama vinakutesa, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kulipia safari ya uainishaji.

Kabla ya njia hiyo kuwepo, Lis Hartel wa Denmark aliugua polio mwaka 1944 na kubaki amepooza chini ya magoti. Alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Mwaka 1952 huko Helsinki, wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wanaume katika dresaji ya Olimpiki, alipata medali ya fedha akiwa na farasi wake Jubilee. Mwaka 1956 akaipata tena.

20. Kupanda kwenyewe kunaweza kuwa tiba?

Kunasaidia, hakuponyi. Jaribio moja la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2018 liliwafuata watu 70 wenye MS. Waliofanyiwa tiba ya farasi mara moja kwa wiki kwa wiki 12 waliboresha uwezo wa kusimama bila kuyumba kuliko wenzao. Lakini ile ni tiba inayoongozwa na mtaalamu, farasi akitembea polepole. Usiitumie kama hoja ya kurudi kwenye viunzi, wala usiache dawa kwa ajili yake.

## Hali za pembeni

21. Farasi ndio kazi yangu. Nifanyeje?

Orodhesha kazi unazofanya na utenge zile zinazohitaji mwili wako na zile zinazohitaji ujuzi wako. Kufundisha ukiwa ardhini, kupanga mazoezi, kukagua miguu na mwendo, kuwasomesha masaisi wachanga: haya hayahitaji uwe juu ya farasi. Mwombe daktari barua inayotaja kazi unazoweza, si ugonjwa peke yake. Kuwapanda farasi wachanga wa watu wengine ndilo jambo la kwanza la kuliacha kwa wenzako.

22. Tangu nianze vipimo naogopa hata kupanda. Nimekuwa mwoga?

Hapana. Umepoteza imani na mwili uliokuwa unautegemea bila kuufikiria, na hofu ni jambo la haki hapo. Wengine hulia bandani, wengine huacha kabisa kwenda kwa sababu harufu ya nyasi inawaumiza. Huzuni ya namna hiyo ni ya kweli hata kama hakuna aliyekufa. Ikikaa wiki zaidi ya mbili huku usingizi, chakula na hamu ya mambo vimeondoka, mwambie daktari. Sonona huenda pamoja na magonjwa mengi ya kudumu na ina tiba yake. Ukifikia kuwaza kujidhuru, mwambie mtu leo.

23. Madaktari wamesema hawajaona kitu. Nami bado ninaumwa. Sasa?

"Hatujaona kitu" maana yake ni kwamba vipimo vilivyofanywa, siku ile, havikuonyesha walichokuwa wakikitafuta. Omba nakala za majibu yako. Uliza magonjwa gani yameondolewa kabisa na yapi bado yanawezekana, na ni dalili ipi mpya ikitokea urudi haraka. Endelea na daftari. Maoni ya daktari wa pili ni haki yako, hasa kama wa kwanza hakukugusa viungo wala kutazama ukitembea.

Wakati huohuo, dalili zinaweza kutibiwa hata bila jina. Fiziotherapia, tiba ya maumivu na kurekebisha usingizi havihitaji kusubiri. Masharti ya swali la 8 na la 9 yanabaki yaleyale, kwa kuwa mguu usiohisi kikuku ni hatari sawa uwe na jina la ugonjwa au la. Panga miadi ya kurudi baada ya miezi mitatu hadi sita, na uiandike kwenye kalenda kabla hujatoka kliniki.